Daraja la Sabaki, Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Kahindi, kesho baiskeli ni yako.
Mnyororo nimeutia mafuta,
kengele nimeifunga upya kwa waya,
na kreti utalikuta Maweni kwa Bwana Lali,
boflo sitini, bado za moto.
Zihesabu mwenyewe.

Nina maneno machache, yote ya barabara.

Pale lami ilipo pana, shika kushoto,
waachie wenye haraka haraka yao.
Hakuna sifa kuziba njia isiyohitaji kuzibwa.
Tuktuk itakupita, pikipiki itakupita,
hata Mwagandi na mitungi yake ya maziwa.
Waache.

Lakini kando ya soko magari yameegeshwa,
na mlango wa gari hufunguka
kama mdomo wa mtu asiyefikiri.
Hapo jitoe: upana wa mlango mzima,
na shibiri juu yake.
Wakipiga honi, na wapige.

Kisha darajani.
Hapa nisikilize, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka ule wa mvua nilikuwa mtu wa adabu.
Nilishika ukingo, kiwiko kikiparuza vyuma,
nimejikunja kama apitaye mbele ya wageni,
mgongo wangu wote ukisema samahani.
Nyuma lori la chumvi, tupu, likirudi Gongoni.
Dereva akaona nafasi.
Nani aliyemwonyesha? Mimi.
Ule upana niliombakishia kwa heshima
ulimwambia: njoo, tutatoshana.

Hatukutoshana.

Kioo chake kilinigonga hapa, begani.
Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa,
na boflo arubaini na mbili
zikachovywa humo kwa mara moja.
Sijui ni kiboko gani aliyestaftahi.

Lori halikusimama.
Miezi miwili nilimlaani yule mtu, mkono shingoni.
Mwezi wa tatu nikaelewa: hakunichukia.
Hakuniona.
Nilikuwa nimejificha vizuri mno.

Sasa nafanya hivi.
Mita mia kabla ya daraja nageuza shingo,
namtazama dereva machoni,
au pale macho yanapopaswa kuwa.
Nanyoosha mkono wa kulia. Nasubiri apunguze.
Kisha naingia katikati,
kwenye ule mstari mweusi wa mafuta yaliyodondoka,
nakaa hapo kama jino.
Napiga pedeli sawasawa,
si polepole kwa kiburi, si mbio kwa hofu.
Msururu unanung'unika nyuma.
Wameniita kichaa, wameniita ng'ombe;
mmoja aliuliza kama barabara ni ya baba yangu.
Babu yako, Kahindi, alizipondea kokoto barabara hii,
lakini sikugeuka kumjibu.
Tusi ni risiti: limeandikwa umeonekana.
Litie mfukoni, uendelee.

Daraja likiisha, usijisahau.
Rudi kushoto, inua mkono,
mshukuru hata huyo aliyekutukana,
kwani amekwenda kwa mwendo wako
daraja zima, na hilo si dogo.
Cha kuazima hurudishwa kabla hakijadaiwa.

Kwa mlevi sina ushauri.
Utamjua kwa sauti, injini ikilia bila mpango.
Huyo usimwonyeshe haki yako.
Shuka, beba baiskeli, ingia majanini,
na kama boflo zitapondeka, zipondeke.

Nilitaka kukwambia na habari ya breki ya nyuma
lakini utaijua mwenyewe, ni ya kubembelezwa.

Mambrui, Mwana Esha atakuwa ameshafungua duka.
Atabonyeza mkate kwa kidole gumba,
atasema umechelewa, hata ukiwa hujachelewa.
Mwambie ulikuwa katikati ya barabara.
Mwambie shangazi anasalimu,
na kwamba bega bado linajua mvua
siku moja kabla ya mawingu.